Kabla Hujalipa, Ufungue Mpini: Namna ya Kupima Upanga wa Mwanga wa Bei Kubwa

Kazi yangu ni kupima vito. Mezani kwangu hapa Arusha kuna mzani, lenzi ya kukuza mara kumi, tochi, kibano na kitambaa cheupe, na vitu hivyo hivyo ndivyo ninavyobeba ninapoitwa kuangalia nakala ya upanga wa mwanga, ile silaha ya filamu za Star Wars yenye mpini wa chuma na ubapa unaowaka, kabla mtu hajatoa pesa yake. Sisi tunaokusanya nakala za vifaa vya filamu za anga huku Kaskazini tunajuana. Mnunuzi yuko Njiro, muuzaji yuko Moshi, wanapatana siku ya kukutana, na mimi naitwa nikae katikati. Swali langu la kwanza kwa muuzaji huwa ni hili: unakubali tuufungue?

Akisema hapana, naaga. Sanduku la mbao lenye kitambaa laini ndani, cheti chenye muhuri wa dhahabu, kibao chenye namba, vyote hivyo vinatengenezeka kwa bei nafuu. Kilicho ghali kwenye upanga wa mwanga ni chuma kilichokerezwa vizuri na umeme uliofungwa na mtu makini. Hivyo viwili huwezi kuviona vyote mpaka mpini ufunguke, na mtu aliyeufunga vizuri hana sababu ya kuogopa uangaliwe.

Vifaa vya kubeba ni vya kawaida. Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja unatosha. Ongeza bakuli, uzi mwembamba, sumaku ndogo, seti ya alenki (funguo za pembe sita), multimita ya kupimia umeme, betri moja kubwa ya tochi ya zile nene, na lenzi. Lenzi usiache. Macho matupu yanapenda kung'aa, na kung'aa ndiko kunakouzwa.

Ni nakala ya nini, na ya mwaka gani?

Upanga wa mwanga wa kwanza kuonekana kwenye sinema haukubuniwa kwenye karatasi na kuchongwa upya. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilitoka 1977, na mpamba seti wake, Roger Christian, alikuta kwenye duka la vifaa vya picha jijini London mishiko ya zamani ya flashi za Graflex, kampuni ya Marekani iliyokuwa Rochester, jimbo la New York. Mshiko ule ulitengenezwa kubeba betri tatu nene za tochi kwa ajili ya kamera za waandishi wa magazeti. Akaubandika vipande vyeusi vya kushikia, akaweka kwenye kibano cha katikati ya mshiko ukanda wa vilenzi vya plastiki uliotoka kwenye kikokotoo, na huo ukawa upanga wa Luke Skywalker, shujaa wa filamu hiyo. Kwenye filamu ya pili, ya 1980, mahali pa vile vilenzi pakawekwa kipande cha saketi chenye meno ya rangi ya dhahabu.

Pa kuanzia ni hapo. Muuzaji akikuambia mpini wake ni wa 1977, angalia kwenye kile kibano cha katikati. Ukikuta meno ya dhahabu, mtengenezaji amechanganya filamu mbili. Kwa mtu anayetaka pambo la kabatini hilo halina neno. Kwa bei ya mkusanyaji, bei lazima ishuke, maana mkusanyaji analipia usahihi.

Upanga wa Obi-Wan, mwalimu wa Luke, wa filamu ile ile ya kwanza naupenda kuliko mingine yote, kwa sababu kila pete yake ina asili. Kuna bomba dogo kutoka kwenye injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent. Kuna sehemu ya bomu la kurushwa kwa bunduki ambalo Waingereza walilitumia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuna kishikio cha bomba la maji cha Armitage Shanks, kipande cha mbele cha bunduki ya rashasha ya Browning, na kibano cha Graflex. Upanga wa Darth Vader, adui yao, nao ulianza kama flashi, safari hii ya Uingereza, ya Micro Precision Products. Ukijua hayo, unajua pia kwamba nakala nzuri hufuata vipimo vya vitu ambavyo vilikuwepo duniani na bado vinaweza kupimwa.

Ndiyo sababu nabeba ile betri nene. Ina upana wa milimita 34 hivi. Mshiko wa Graflex ulipaswa kuibeba ndani, kwa hiyo lazima uwe mnene kuliko betri yenyewe. Isimamishe betri kwenye kitako cha mpini, uso kwa uso. Betri ikitokeza pembeni, mpini umepunguzwa unene, hata kama picha kwenye sanduku zinafanana na za filamu. Kipimo hiki ni cha dakika moja na kimeshawaokoa wengi.

Wapo wanaouza mipini iliyojengwa juu ya mshiko halisi wa Graflex wa miaka ile. Huo ni shaba ya njano iliyopakwa madini meupe ya kung'aa, na kitakoni umegongwa jina la kampuni na la mji wa Rochester. Chini ya lenzi, herufi zilizogongwa kwa mashine zina kingo kali na sakafu bapa. Herufi zilizonakiliwa kwa kumimina kwenye kalibu zinakuwa na mabega ya mviringo, na ndani ya herufi O mara nyingi unakuta chembe iliyobaki. Kwa maoni yangu ni heri flashi za zamani zilizobaki zikae na kamera zake, tuchukue nakala zilizotengenezwa upya kwa vipimo sahihi. Lakini kama unauziwa halisi kwa bei ya halisi, basi iwe halisi kweli.

Shika mkononi, kisha weka majini

Ushike kwanza bila ubapa. Wanunuzi wengi hupotea hapa: wakiona mpini mzito wanasema huu ndio wenyewe. Mchanganyiko wa zinki unaomiminwa kwenye kalibu una uzito zaidi ya mara mbili ya alumini kwa ujazo ule ule, na ukipakwa kromu unapendeza sana. Uzito peke yake haukuambii lolote. Unatakiwa ugawanywe kwa ujazo, na hiyo ndiyo kazi tunayoifanya kwa mawe kila siku.

Zungusha utoe kitako, kile kifuniko cha mwisho wa mpini. Hakikisha hakina waya, spika wala sumaku ndani. Kipime kikiwa kikavu, uandike. Sasa weka bakuli la maji juu ya mzani na uurudishe mzani kwenye sifuri. Funga kitako kwa uzi, kishushe majini mpaka kizame chote, ukishikilia uzi mkononi, kisiguse chini wala pembeni. Namba utakayoisoma ni gramu za maji yaliyosukumwa, na ndiyo ujazo wa kitako kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa kikavu kwa namba hiyo.

Tuseme kikavu ni gramu 162 na majini mzani umesoma 60. Jibu ni 2.7, nayo ni alumini. Kama kikavu ni 162 na majini umesoma 24, jibu ni 6.75, na hapo umeshika zinki. Shaba ya njano huanzia 8.4 na kuelekea 8.7, chuma cha pua ni 7.9 hivi. Tanzanite kwa njia hii hii hunipa 3.35, kwa hiyo mkono wangu umeshaizoea.

Kuna jambo moja linaloharibu hesabu, nalo ni hewa. Kitako kina thredi ndani na vijitundu vya kutolea sauti, na povu dogo la hewa likinaswa humo linaongeza ujazo wa uongo. Tia tone la sabuni ya maji, kizungushe kitako taratibu ndani ya bakuli mpaka mapovu yapande, ndipo usome. Ukimaliza kikaushe vizuri, thredi kwa thredi. Kitako kisirudi kwenye mpini kikiwa na unyevu.

Maji hayatakuambia alumini ni ya daraja gani. Zote zinakaa karibu na 2.7. Kwa hiyo maneno kama “alumini ya ndege” usiyaongezee hata shilingi, kwa kuwa muuzaji hawezi kukuonyesha na wewe huwezi kuyapima. Kinachopimika ni ukerezaji, na huo unauona kwa lenzi.

Kama umeambiwa ni shaba, pitisha sumaku. Ikishika, ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya shaba.

Chini ya lenzi

Kaa karibu na dirisha, si chini ya taa ya dukani. Mwanga wa asubuhi wa Arusha, kabla jua halijawa kali, ndio ninaoutumia kwa mawe na ndio ninaoutumia kwa mipini. Lenzi iwe karibu kabisa na jicho, kisha usogeze mpini kuelekea lenzi mpaka uonekane wazi.

Angalia mfereji mmoja tu, lakini uumalize wote. Juzi niliangalia mpini wa alumini nyeusi wenye mifereji mitano karibu na mdomo, yaani upande ubapa unapoingia. Kwenye sakafu ya mfereji kulikuwa na mistari myembamba ya kisu cha mashine ya kukereza, sambamba, ikizunguka bila kuruka mahali. Ukingo wa juu ulikuwa mkali kwa macho ila haukukwaruza ukucha, kwa sababu mkerezaji aliurudia kwa mkato mdogo wa kulalia. Rangi nyeusi ilishuka mpaka kwenye kona ya ndani, ambako ndiko rangi huwa inashindwa kufika. Niliusogeza mduara mzima na sikuona mabadiliko. Mpini wa namna hiyo umetengenezwa na mtu aliyesimama mbele ya mashine yake akijali.

Mpini mbaya wa kukerezwa unaonyesha mawimbi: vidole vidogo vya mwanga na kivuli vinavyofuatana, alama kwamba kisu kilitetemeka. Mpini wa kumiminwa unaonyesha mstari wa kalibu unaokwenda kwa urefu pande mbili, hata kama umesuguliwa, na vitundu vya hewa vilivyofunikwa na kromu. Kromu juu ya kitundu huanza kuinuka hapo baada ya muda, na huku kwetu vumbi na unyevu wa masika haviisubiri.

Mipini myeusi mizuri mara nyingi haikupakwa rangi, imefanyiwa anodaizi. Alumini inawekwa kwenye tindikali na kupitishiwa umeme mpaka uso wake unageuka oksidi ya alumini, kisha oksidi hiyo inanyonya rangi. Msiojua vito niwaambie kwamba oksidi ya alumini ndiyo kemikali ya rubi, zikiwemo zile za Longido zinazolala kwenye jiwe la kijani. Tabaka la mpini si fuwele kama rubi na halifikii ugumu wake, lakini linashinda rangi ya kupuliza kwa mbali sana, na haliwezi kubanduka kama ganda kwa kuwa limeota kutoka kwenye chuma chenyewe.

Kutofautisha, weka multimita kwenye mlio na uguse sehemu nyeusi kwa ncha zote mbili, taratibu bila kuchimba. Ikilia, hakuna anodaizi wala rangi hapo. Ikikaa kimya, inaweza kuwa mojawapo. Ndipo unaomba ruhusa ya mwenye mali, unachukua pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, unasugua mahali pasipoonekana, mfano ndani ya mdomo wa kitako. Rangi ya kupuliza huacha weusi kwenye pamba. Anodaizi haiachi kitu. Dawa hiyo isikaribie ubapa kabisa, nitaeleza sababu mbele.

Kuhusu mipini iliyozeeshwa makusudi, mimi natazama kama mikwaruzo ina sababu. Mpini unaoning'inia kiunoni unakwaruzika upande wa mkanda. Mpini unaoshikwa unang'aa kwenye migongo ya mifereji na unabaki mweusi kwenye sakafu zake. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, hapo imepita msasa na hakuna zaidi.

Thredi hazihitaji maneno mengi. Kitako na shingo vishike kwenye mwanzo wa mzunguko, viende kimya, visimame bila kulazimishwa, na mistari ya pambo ya vipande viwili ikutane sawa vikishakaza. Ukisikia mchanga, futa na ujaribu tena. Ukisikia tena, thredi zimeliwa.

Sasa ufungue

Zima umeme. Toa ubapa kwanza kwa kulegeza skrubu yake ndogo ya alenki. Zungusha kitako, uvute fremu inayobeba betri na bodi ya saketi. Fremu nzuri inatoka bila kugongwa na ina njia moja tu ya kurudi. Ikiwa ni ya plastiki iliyochapishwa, angalia kama imepinda au kubadilika rangi karibu na betri. Joto liliwahi kupita hapo.

Betri ndiyo ninayoipa muda mwingi kuliko kitu chochote kingine humu ndani, kwa sababu upanga usipong'aa utasikitika, lakini betri mbaya inaweza kuunguza nyumba. Panga nyingi za siku hizi zinatumia betri ya lithiamu ya 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Ni volti 3.7, ikijaa ni 4.2. Ya kweli ina uzito wa gramu 44 mpaka 50 hivi, na uwezo wake, yaani umeme inaoweza kuhifadhi, kwa kawaida hauzidi mAh 3,600 au karibu na hapo.

Kijana mmoja wa Moshi aliniletea mpini mzuri sana, wa alumini safi, 2.7 kamili. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, kaa.” Mnunuzi alikuwa ameshaupenda, pesa iko mfukoni. Tukafungua, nikaitoa betri, imeandikwa mAh 9,900. Nikaiweka mzanini: gramu 31. Kijana akashtuka kuliko mnunuzi, maana na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Nikamwonyesha kwamba tatizo halikuwa mpini. Betri ile tuliiweka pembeni isichajiwe tena, tukakagua bodi na waya kwa nuru ya tochi, tukakuta viko salama, na bei ikapunguzwa kwa thamani ya betri mpya ya uhakika. Wote wawili waliondoka wameridhika. Mzani ulimaliza mazungumzo ambayo yangechukua mchana mzima.

Kwa nini nasisitiza betri? Fanya hesabu. Upanga wa taa za nukta una ndani ya ubapa mikanda miwili ya LED iliyopeana mgongo, kwa kawaida LED 144 kwa kila mita. Ubapa wa sentimita 80 unakuwa na LED 230. Kila moja, ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote kwenye volti 5, inaweza kula miliampia 60. Jumla inafika ampia 13 na ushee. Kwa volti za betri hii na rangi moja zinapungua, lakini bado ni mzigo mkubwa kwa kitu cha ukubwa wa kidole. Betri iliyokusudiwa kwa tochi ndogo haiwezi kubeba hilo bila kupata moto. Muulize muuzaji betri inaruhusu ampia ngapi mfululizo. Mtu aliyejenga upanga wake kwa akili anajua jibu bila kusoma.

Hesabu hiyo hiyo inakuambia nini cha kutazama kwenye waya. Zile mbili zinazobeba umeme kwenda mdomoni ziwe nene wazi wazi kuliko za swichi. Lehemu iwe laini na imetambaa kwenye waya, siyo tone lililokaa juu. Kila kiungo kiwe na mpira wake wa kukibana. Kisha tafuta waya uliobanwa kati ya fremu na ukuta wa mpini: ganda lake linakuwa bapa na lina mng'ao. Huo ndio utakaokatika, au kugusa chuma.

Kwenye mdomo wa mpini kuna pini ndogo za springi zinazokutana na ubapa. Kwa kijiti cha meno, bonyeza moja moja. Kila moja ishuke na irudi. Ukiona doa jeusi kwenye sahani yake, kumekuwa na cheche, na hapo uliza historia.

Bodi ya sauti iwe na memori kadi inayotoka, nawe omba mafaili yake yanakiliwe kwenye kompyuta mbele yako siku hiyo hiyo. Bodi iliyomwagiwa gundi yote mimi siitaki. Mafundi wetu wa simu na redio wanabadilisha swichi, waya na spika vizuri kabisa kama wana nafasi ya kuingiza ncha ya moto. Gundi inawafungia mlango, na upanga unaoharibika Arusha inabidi utengenezeke Arusha.

Mwanga, kisha sauti

Usikubali kuonyeshwa ubapa dukani mchana. Omba chumba cha giza, au usiku. Umeme ukikatika ndiyo nafasi yako.

Kwenye upanga wa nukta, mwanga hupanda kutoka mpinini mpaka nchani. Ule wa taa moja mpinini huwaka ubapa wote kwa mkupuo, na ncha yake huwa hafifu zaidi. Aina ya pili siyo mbaya, ni ya bei nyingine, na kwa kupigania ni imara zaidi. Ubaya ni kuuziwa ya pili kwa jina la ya kwanza.

Weka rangi nyeupe kwa nguvu zote na ulinganishe chini na juu. Ncha ikiwa ya njano au nyekundu nyekundu, volti inapotea njiani: waya nyembamba, pini chafu au betri dhaifu. Angalia pia kama kuna mahali mwanga unakoma. Taa hizi zinapokezana amri, ya kwanza inampa ya pili, ya pili inampa ya tatu. Moja ikifa, zilizo mbele yake kwenye mkanda huo hazipati habari, kwa hiyo ubapa wenye giza nusu unaweza kuwa na ugonjwa kwenye nukta moja tu. Kisha usogee karibu. Ukiona LED moja moja kwa macho, karatasi na sponji ya kusambaza mwanga ndani ni duni au imehama.

Bomba la ubapa ni polikaboneti, kwa kawaida milimita 25.4 kwa nje, ukuta wa 2 kwa maonyesho au 3 kwa kugonganisha. Likunje kidogo na utazame kwenye mwanga kama kuna nyufa nyembamba karibu na mpini. Polikaboneti haipatani na thina, dawa ya rangi ya kucha, wala dawa za vioo zenye amonia. Inapasuka kimya kimya, hata wiki kadhaa baadaye. Maji ya uvuguvugu na sabuni, kitambaa laini, basi.

Sauti ipime kwa mwendo wa polepole. Zungusha upanga taratibu sana, kama unachora duara ukutani. Mvumo unatakiwa upande na kushuka pamoja na mkono wako bila kuruka. Bodi za chini zinasubiri uvuke kasi fulani ndipo zicheze sauti moja iliyorekodiwa, na hapo sikio linajua. Gonga ubapa kwenye kiganja: mlio usichelewe. Mvumo asilia alioutengeneza Ben Burtt ulitokana na mota ya projekta ya sinema pamoja na mwingiliano wa runinga ya zamani, kwa hiyo una chini nzito na mlio wa umeme juu yake. Spika ikiwa haina nafasi ya hewa kitakoni, ile chini inapotea na unabaki na nyuki.

Karatasi na kodi

Cheti kisome mwishoni. Namba ya cheti, namba ya kibao na namba iliyogongwa kwenye mpini zifanane, na idadi ya toleo iandikwe. Omba risiti ya kwanza ya ununuzi. Sanduku halisi huongeza bei, nami nalikubali, lakini baada ya chuma na umeme kupita.

Ukiagiza kutoka nje, bei ya tovuti siyo bei yako. Ushuru wa forodha unakokotolewa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Fanya hesabu kabla ya kuagiza, na muuzaji aandike thamani ya kweli kwenye ankara. Betri za lithiamu zikisafirishwa peke yake zina masharti makali kwenye ndege, ndiyo maana wauzaji wengi hutuma upanga bila betri. Hilo mimi nalipokea kwa mikono miwili, kwa sababu linakupa nafasi ya kuweka betri uliyoipima mwenyewe.

Na ukiusafirisha upanga uliokwisha kuununua, tuseme kwa basi la Moshi kwenda Dar, toa betri uiweke kwenye kasha lake la plastiki ili ncha zisigusane na funguo au sarafu. Ubapa utie ndani ya bomba la maji la plastiki lililozibwa pande zote mbili kwa nguo. Mpini ufungwe peke yake. Skrubu ndogo ya ubapa ibandike kwa selotepu ndani ya kifuniko cha sanduku pamoja na alenki yake, maana ikipotea, kupata nyingine ya thredi ile ile ni kazi.